Maleba Yakiwekwa Rehani: Kikundi cha Maonyesho Kinapokumbwa na Janga

Septemba 1593, tauni ikiwa imefunga kumbi zote za michezo ya kuigiza London, mfanyabiashara Philip Henslowe aliketi kumjibu barua Edward Alleyn, mwigizaji aliyemwoa binti yake wa kambo. Alleyn alikuwa mikoani na wenzake, wakizunguka mji kwa mji kutafuta watazamaji ambao jiji lilikuwa limewakataza kuwaona. Katika barua yake alikuwa ameulizia habari za kikundi kingine, cha Pembroke. Henslowe akamwambia kwamba hao wamesharudi nyumbani, wana wiki tano au sita sasa, kwa sababu mapato ya safari hayakufikia hata gharama zake. Tena wamelazimika kuweka maleba yao, yaani mavazi ya jukwaani, rehani.

Ukitaka kujua uzito wa habari hiyo, kumbuka maleba yalikuwa nini kwa kikundi cha wakati ule. Joho moja la mfalme, la mahameli na nyuzi za dhahabu, lingeweza kuwa na bei kubwa kuliko malipo ya mwandishi kwa mchezo mzima. Mali ya kikundi ilikuwa hiyo. Mwigizaji aliyepeleka joho lile kwa mkopeshaji alijua kwamba hata kumbi zikifunguliwa kesho, atapanda jukwaani na nini? Lakini mwenye njaa hana miiko.

Sasa tuje Oktoba 2020, jiji lilelile, safari hii korona ikiwa ndiyo iliyofunga kumbi. Royal Opera House, moja ya nyumba kubwa kabisa za opera na baleti duniani, inapeleka mnadani picha iliyochorwa na David Hockney mwaka 1971. Picha ni ya David Webster, mtu aliyeiongoza nyumba hiyo kuanzia 1945 hadi 1970. Ilinunuliwa kwa zaidi ya pauni milioni 12, na fedha zikaenda kuziba pengo la msimu uliokufa. Miaka zaidi ya 400 imepita, na kikundi cha maonyesho kikibanwa kooni bado kinafungua kabati na kuangalia cha kuuza.

Wapo waliolalamika kwamba kuuza picha ya mlezi wa nyumba ni utovu wa adabu. Mimi nasema walifanya sawa, na laiti wengi wangeanzia hapo. Kila uongozi wa kikundi hukutana na swali hilohilo siku milango inapofungwa: tuanze kuachia nini? Anayetoa picha ukutani anaamini kwamba kikundi ni watu. Anayetoa watu akabaki na picha, jengo na nembo, anaamini kitu kingine kabisa, hata kama kwenye barua za kuwaaga wafanyakazi ameandika maneno matamu kuhusu familia.

Nalisema hili kwa sababu biashara hii haifanani na nyingine. Mwenye kiwanda cha sabuni akifunga miezi mitatu, sabuni iliyo ghalani inamngoja. Kiti kilichokaa kitupu usiku wa leo hakiuzwi kesho. Ule usiku umekwenda. Mwaka 1966 wachumi wawili wa Marekani, William Baumol na William Bowen, walieleza kwa nini sanaa za jukwaani huishi na pengo la fedha hata siku za neema: kiwanda hujifunza kutengeneza bidhaa nyingi zaidi kwa watu wachache zaidi, lakini muziki ulioandikwa kwa wapigaji wanne miaka 200 iliyopita unataka wapigaji wanne hata leo, na muda uleule. Huwezi kupunguza mmoja ukasema umeongeza ufanisi. Kwa hiyo vikundi vingi viliingia kwenye janga vikiwa tayari vinapumua kwa ruzuku, wafadhili na tiketi za wiki inayofuata. Akiba ilikuwa ndogo, na bima nyingi, waliposoma maandishi madogo, hazikugusa magonjwa ya mlipuko.

Machi 12, 2020, kumbi zote 41 za Broadway, kitovu cha michezo ya kuigiza cha New York, zilizimwa taa kwa siku moja. Tangazo la kwanza lilisema ni mwezi mmoja. Michezo mikubwa ya muziki ilirudi Septemba 2021, yaani mwaka na nusu baadaye. Wale waliojiandaa kwa mwezi walikuwa wametumia akiba yao kama watu wanaosubiri mwezi, na hapo ndipo wengi walipovunjika mgongo. Ukubwa haukumwokoa mtu. Cirque du Soleil, kampuni ya sarakasi iliyokuwa na maonyesho kwenye miji mingi kwa wakati mmoja, iliwasimamisha takriban asilimia 95 ya wafanyakazi wake mwezi uleule wa Machi, na Juni ikaenda mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai wake. Ilikuwa na madeni mazito kabla ya korona. Deni linalobebeka wakati viti vimejaa huwa jiwe shingoni viti vikiwa vitupu hata kwa wiki chache.

Na kufungua nusu? Hilo nalo lilionekana jibu mpaka watu walipokaa na kalamu. Chukua ukumbi wa viti 500 ambao gharama zake hurudi viti 300 vikiuzwa. Weka umbali wa mita moja na nusu kati ya watazamaji, utabaki na viti 120, labda 150. Waigizaji ni walewale, umeme ni uleule, mafundi wa taa na sauti ni walewale, na sasa umeongeza watu wa kupima joto na kufuta vitasa. Kila usiku unaofungua pazia unazidi kupoteza. Berliner Ensemble, Ujerumani, waling'oa kabisa viti walivyokuwa hawaviuzi, wakabaki na takriban 200 kati ya 700, ili mtazamaji asione safu zilizofungwa kwa utepe kama eneo la ajali. Naupenda uamuzi ule. Ulimheshimu mtu aliyejitokeza. Lakini uliwezekana kwa sababu ukumbi ule hupokea fedha za umma, na kikundi kinachoishi kwa tiketi peke yake kisingethubutu.

Tusisahau pia kwamba hofu ilikuwa na msingi. Machi 10, 2020, wanakwaya wa Skagit Valley Chorale katika jimbo la Washington, Marekani, walikutana kwa mazoezi ya saa mbili na nusu. Walikuwa 61. Hakukuwa na amri iliyowakataza, na hawakupuuza tahadhari zilizojulikana siku zile. Baada ya siku chache 53 walikuwa wagonjwa, kwa vipimo au kwa dalili, na wawili wakafariki. Uchunguzi wa mkasa ule ndio uliowaamsha wengi kuhusu pumzi ya mwimbaji: tunapoimba tunarusha matone madogo kabisa kwa wingi na kwa nguvu, na ndani ya chumba kilichofungwa yanaelea. Kile ambacho kwaya hufundishwa tangu siku ya kwanza, kuvuta pumzi kwa kina na kuitoa kwa pamoja, ndicho kiligeuka hatari. Mtu anayefanya kazi ya sanaa hawezi kusoma habari ile akabaki vilevile.

Basi wakahamia mtandaoni, na hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo sifa nyingi zilipomwagwa na maswali machache yalipoulizwa.

Metropolitan Opera ya New York ilifunga Machi 12, na kuanzia Machi 16 ikawa inarusha opera nzima kila usiku, bure, kwa dunia nzima. Iliwezekana kwa sababu tangu 2006 ilikuwa ikirekodi maonyesho yake kwa ajili ya kumbi za sinema, hivyo ghala lilijaa. National Theatre ya London, iliyoanza kurekodi kwa namna hiyo 2009, nayo ikafungua ghala lake Aprili 2 na kuweka mchezo mmoja kila wiki. Watu waliojifungia ndani walipata kitu cha kusubiri. Nilikuwa mmoja wao, na sitasahau jinsi ilivyokuwa kuona ukumbi uliojaa watu wakicheka mabega yakigusana, wakati sisi tuliokuwa tukitazama tulikuwa tukiogopa hata kushika kitasa cha mlango.

Lakini tazama upande wa pili wa pazia. Kuanzia Aprili 2020 wapigaji wa okestra na wanakwaya wa Metropolitan Opera walisimamishwa bila mshahara, wakabaki na bima ya afya tu, na hali hiyo ilidumu karibu mwaka mzima. Kila usiku vidole vyao vilisikika ulimwenguni kote kutoka kwenye rekodi za miaka iliyopita, na wenye vidole walikuwa wakihesabu kodi ya nyumba. Wengine walihama jiji, wengine wakastaafu mapema. Uongozi ulikuwa na hoja: mapato ya tiketi yamekauka, na nyumba ikifa hakuna atakayepata kazi. Hoja hiyo naielewa. Ila okestra ile ni watu waliosikilizana miaka 20 au 30 mpaka mmoja akivuta pumzi mwingine anajua sauti itaangukia wapi. Jengo linaweza kusubiri mwaka likapigwa deki na kuwashwa taa. Sikio la pamoja likishatawanyika, halikusanywi kwa tangazo la kazi.

Bure nayo ina gharama yake. Ukimpa mtu opera kila usiku bila senti, miezi sita baadaye utamwombaje alipie ya kikundi kidogo kilichorekodi kwa simu mbili na taa ya mezani? National Theatre waliliona hilo, na Desemba 2020 wakaanzisha huduma ya kulipia kwa mwezi. Wakubwa waliokuwa na ghala waliweza kugeuka. Kikundi kisicho na rekodi yoyote ya maana, ambacho kazi yake yote ilikuwa ndani ya miili ya watu 12 na daftari la mwongozaji, kiliingia mtandaoni mikono mitupu, na kikafananishwa na rekodi zilizopigwa na kamera nyingi na mafundi waliobobea. Hayakuwa mashindano ya haki. Ndiyo maana huwa nakereka nikisikia wataalamu wakisema kwamba vikundi vilivyokufa ni vile vilivyokataa teknolojia.

Tena teknolojia yenyewe ilikuwa na ukuta ambao mtu wa nje hakuuona. Jaribuni watu watano kuimba pamoja kwenye mkutano wa video. Sauti inachelewa kwa sehemu ndogo ya sekunde, kiasi ambacho katika mazungumzo hukioni, lakini katika wimbo ni shimo. Wa pili anamfuata wa kwanza, wa tatu anamfuata wa pili, na kufikia ubeti wa pili wimbo umevutika kama mpira. Ndipo ikabidi kila mwimbaji ajirekodi peke yake. Mtu mzima anajifungia ndani ya kabati la nguo kwa kuwa makoti huzuia mwangwi, blanketi limetundikwa mlangoni, sikio moja lina spika ndogo yenye mdundo wa kuongoza, na anaimba sauti ya tatu ya wimbo ambao sauti nyingine haisikii. Anarudia mara kumi. Anatuma faili. Wiki tatu baadaye anajiona kwenye kioo cha kompyuta, kisanduku kimoja kati ya mia, na sauti yake imeyeyuka ndani ya nyingine kama ilivyotakiwa. Mtunzi Eric Whitacre, aliyekuwa akifanya kwaya za namna hii tangu 2010, mwaka 2020 aliunganisha sauti za waimbaji zaidi ya 17,000. Ni kazi nzuri, na iliwafariji watu. Ila ukimuuliza mwanakwaya alichokosa, atakwambia alikosa bega la jirani.

Wacheza baleti walikuwa na shida yao. Mwili wa mcheza baleti hauna likizo. Wiki mbili bila mazoezi na tayari unaanza kudai. Tamara Rojo, aliyekuwa akiongoza English National Ballet, aliendesha darasa kila siku kutoka jikoni kwake, akishika ukingo wa meza mahali pa mbao ya mazoezi, na mtu yeyote mwenye intaneti aliruhusiwa kufuata. Meza ya jikoni inatosha kwa miguu na mgongo. Haitoshi kwa kuruka: sakafu ya saruji au vigae hurudisha kishindo chote kwenye goti na kifundo cha mguu, na dari liko karibu. Wachezaji wengi walipitisha miezi bila kuruka hata mara moja. Viongozi wenye busara walipoitisha tena mazoezi hawakutangaza tarehe ya onyesho kwanza; walihesabu wiki za kuurudisha mwili, na tarehe ikafuata hesabu hiyo.

Kati ya yote yaliyobuniwa wakati ule, lililonigusa zaidi lilikuwa dogo kuliko yote. Huko Stuttgart, Ujerumani, kuanzia Mei 2020, wanamuziki wa okestra walianza kumpigia msikilizaji mmoja mmoja. Mwanamuziki mmoja, mtu mmoja, mita mbili kati yao, dakika 10. Msikilizaji hajui atapigiwa nini wala na nani. Anaingia, anakaa, wanatazamana machoni bila kusema neno, halafu muziki unaanza. Hakuna kupiga makofi. Tiketi haikuwepo, aliyeguswa alichangia mfuko wa wanamuziki waliokuwa hawana ajira ya kudumu. Kihesabu ni upuuzi: hakuna kikundi kitakachoishi kwa wasikilizaji sita kwa saa. Lakini waliopanga walikuwa wamejiuliza swali sahihi. Hawakuuliza watafikishaje onyesho la zamani kwa njia mpya. Waliuliza ni kitu gani hasa kisichoweza kupita kwenye waya, wakakitoa hicho, kwa kiasi ambacho ugonjwa uliruhusu.

Fedha za serikali zilikuja, na zilisaidia. Uingereza ilitangaza Julai 2020 kitita cha pauni bilioni 1.57 kwa ajili ya utamaduni. Marekani ilipitisha Desemba ruzuku ya dola bilioni 15 kwa kumbi zilizofungwa, lakini mfumo wa maombi ulipofunguliwa Aprili 2021 ulianguka siku hiyohiyo, na malipo ya kwanza yalichelewa hadi mwishoni mwa Mei. Mgonjwa aliulizwa uji, tena kwa fomu ndefu. Kosa la ndani zaidi lilikuwa anwani iliyoandikwa juu ya bahasha. Fedha nyingi zilielekezwa kwa taasisi: majengo, bodi, akaunti zenye majina. Sekta hii huendeshwa na watu wa mkataba mfupi, mshona maleba wa wiki nne, mpiga tarumbeta wa maonyesho manane, fundi wa taa anayefanya kazi kwa vikundi vitano kwa mwaka. Hao hawakuwa wafanyakazi wa mtu, na wengi hawakutimiza masharti ya misaada ya waliojiajiri. Wakaenda kuendesha magari ya mizigo, na baadhi hawajarudi. Ukisikia leo kikundi kinalia kwamba hakipati mafundi wazoefu wa jukwaa, jibu lilianza pale.

Nalinganisha na jambo dogo la mwaka 1604. Tauni imefunga kumbi tena, na kikundi cha Shakespeare sasa kiko chini ya mfalme James. Hazina ya mfalme inamlipa Richard Burbage, mwigizaji wao mkuu, pauni 30, na maandishi yanasema zilikuwa za kumtunza yeye na wenzake waliozuiwa kucheza hadharani. Ndiyo, mfalme alikuwa na sababu zake, alitaka burudani. Hata hivyo, fedha ziliandikwa kwa jina la wachezaji, kwa ajili ya chakula chao, ili tauni ikipungua wawepo. Wakawepo. Nyingi ya kazi kubwa za kikundi kile zilipanda jukwaani baada ya hapo.

Kwa hiyo nikiulizwa na kiongozi wa kikundi afanye nini kabla ya janga lingine, simwambii anunue kamera kwanza, ingawa kurekodi kazi zake vizuri kuanzia leo ni wajibu. Namwambia aangalie orodha ya watu wake na aandike pembeni ya kila jina: huyu ataishije miezi sita bila onyesho? Akiba ya kikundi ipimwe kwa miezi ya mishahara, siyo kwa idadi ya michezo iliyo mbioni. Wa mkataba mfupi wawekwe ndani ya hesabu hiyo, hata kama sheria haimlazimishi. Na kila nafasi jukwaani iwe na mtu wa pili anayeijua, kisha alipwe kwa kuijua.

Hilo la mwisho linaonekana la anasa mpaka siku inayohitaji. Desemba 2021 Broadway ilikuwa imefunguka, na aina mpya ya kirusi ikawa inawaangusha waigizaji kila siku. Maonyesho yalifutwa saa chache kabla ya pazia. Katika mchezo mmoja wa muziki aliokuwa akicheza Hugh Jackman, mwigizaji mkuu wa kike, Sutton Foster, hakuweza kupanda. Kulikuwa na mwigizaji wa akiba, Kathy Voytko, ambaye kazi yake ilikuwa kuzijua nafasi nane tofauti na kukaa nyuma ya jukwaa akisubiri. Alijulishwa saa sita mchana. Saa saba akaanza mazoezi yake ya kwanza kabisa katika nafasi ile. Usiku huo akapanda. Pazia lilipokuwa likikaribia kushuka Jackman alimshika mkono, akamsogeza mbele, akawaambia watazamaji saa ngapi mwanamke huyu alipata habari, na ukumbi mzima, barakoa usoni, ukasimama.